Diski ya Milioni Kumi na Nane

Mwizi alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomchosha Inspekta Editha. Alizoea watu wanaoapa kwa Mungu na mitume wote kwamba hawajagusa kitu, na kitu chenyewe kimetuna mfukoni mwao. Huyu binti Mwaisha, wapi! Alipokamatwa jana mchana alisema, "Nimechukua mimi, peke yangu," kisha akafunga mdomo. Hasemi diski iko wapi, hasemi aliichukulia nini. Ukimuuliza anaangalia ukuta.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, afande," alisema Koplo Amosi, akimimina chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

"Mshindo wenyewe uje basi. Mimi magoti yananiuma."

Kwa aliyetaka kulala mapema, kesi ilikuwa nyepesi. Mwaisha ni fundi wa sauti katika studio moja ya muziki huko Kihonda. Jumapili aliingia kwa ufunguo wake, akatoka na diski moja nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Kamera ya duka la jirani ilimwona. Mwenye studio, Abdulswamad, akafungua jalada: wizi wa mtumishi, thamani ya mali shilingi milioni kumi na nane. Mkuu wa upelelezi alishasema hataki kuliona jalada hilo mezani kesho. Mtuhumiwa kakiri, picha ipo, sasa unachunguza nini tena, Editha?

Alikuwa anachunguza bei. Milioni kumi na nane, kipande cha sabuni? Hebu!

Kwenye benchi la kaunta alikaa mzee mwenye kanzu iliyopauka, tope jekundu la mlimani limemganda kwenye makubazi. Alikuwa Dadi, mjomba wa Mwaisha, ameshuka kutoka Kinole na gari la ndizi la alfajiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole na kazi." Alisogea ampishe nafasi. "Nimekuja kusema hivi. Mwenye mali ametamka kwamba akilipwa anafuta kesi. Wana ukoo tumekaa jana, tumekubaliana. Kuna shamba la karafuu na mdalasini, na jirani analimezea mate toka zamani. Yuko hapa mjini na hela zake. Saa kumi naweka dole gumba, nawaletea."

"Shamba la nani?"

"La mama zetu. Kwetu Waluguru ardhi inafuata kwa mama, mimi mjomba ni mtunzaji tu. Bibi yake huyu mtoto anaishi humo humo."

"Na mnalipa kitu msichokijua, mzee wangu?"

"Tunalipa aibu, mama. Aibu haikaguliwi kwanza."

Editha alitaka kumshika mabega amtikise. Watu wa namna hii alishawaona. Kwao kulipa ni kuzima moto. Nani aliuwasha mtaulizana baadaye, nyumbani, taratibu. Lakini kwenye jalada ukilipa milioni kumi na nane umekiri kwamba uliiba milioni kumi na nane, na mlalamikaji akigeuka kesho asifute kesi, karatasi yako mwenyewe inakufunga. Alimweleza hivyo. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, akatikisa kichwa, akauliza saa ngapi.

Ilikuwa saa tatu. Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Editha akapanda bodaboda kwenda Kihonda huku akijilaumu kwa kutoomba uhamisho wa ofisini.

Abdulswamad alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Studio yake ilikuwa safi kuliko kituo cha polisi. Kulikuwa na spika mbili kubwa, maikrofoni ndani ya visanduku vyake, na katikati kinanda kirefu cheusi kilichofunikwa kitambaa kama maiti.

"Hiki kinanda bei gani?" Editha aliuliza.

"Milioni tisa. Nimekilipia miaka mitatu, nakula maharage."

"Na maikrofoni?"

"Hiyo ya katikati, mbili na nusu."

"Sasa mwizi wako ana ufunguo, ana siku nzima ya Jumapili, anaviacha hivi vyote?"

"Anajua thamani iko wapi, afande. Ndani ya ile diski kulikuwa na ala." Alipoona uso wa Editha akafafanua, bila dharau. "Ala za kompyuta. Unabonyeza kinanda, inatoka violini, filimbi, chochote. Wenzetu nje wanazirekodi noti moja moja, kisha wanaziuza. Ndiyo maana ghali."

"Yako uliinunua wapi?"

"Nje."

"Kwa nani?"

Abdulswamad akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umekunjwa tayari. "Ni mambo ya kitaalamu, afande. Tutachukua siku nzima."

"Ninayo. Ulilipa milioni kumi na nane zote?"

"Ndiyo thamani yake." Akauacha waya. "Sikiliza, mimi si mtu mbaya. Binti nimemfundisha kazi mwenyewe. Diski ikirudi, hata leo, sitaki senti ya mtu. Nataka diski."

Hapo Editha akachangamka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliuliza hiki na kile, kodi ya chumba, nani mwingine ana ufunguo, kama Mwaisha ana mchumba katika studio nyingine. Mchumba hakuwepo. Kuhusu hayo yote Abdulswamad alijibu haraka na kwa ukamilifu. Swali la aliyemuuzia ala alilikwepa mara mbili zaidi.

Mjini, hatua chache kutoka sokoni, kuna duka la vyombo vya muziki la Tomasi, mwalimu wa kwaya, mtu mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Gitaa zilining'inia juu, naye chini yake alikuwa anagombana na mteja kuhusu waya wa spika. Editha alingoja yaishe, akamtajia bei. Tomasi akacheka mpaka akashika kaunta.

"Milioni kumi na nane! Mama, okestra nzima, kuanzia violini ya kwanza mpaka yule anayegonga pembetatu, bei ya dukani haifiki milioni tatu. Na hiyo bei ya dukani ni ya kutishia watu. Ukingoja Novemba wanakata nusu. Ukisema wewe mwalimu wanakata tena. Anayenunua bei kamili ana haraka ya nini?"

"Na diski ikiibiwa?"

"Kimeibiwa chuma tu. Ukinunua, jina lako linaandikwa kule kwao. Diski ikiungua, ikiibiwa, ikiliwa na mbuzi, unaingia na nywila yako unaishusha upya. Bure! Mimi nimeshaishusha mara nyingi tu."

"Na kama hukununua? Kama uliipata kwa njia ya panya?"

Tomasi akaangalia mlango. "Kraki, ile iliyovunjwa kufuli? Usiniandike, mama, nusu ya mji tumo. Ukiibiwa kraki unamfuata jamaa, unampa hela ya soda, anakutilia nyingine."

Editha akakaa kwenye spika iliyogeuzwa kiti, akapiga hesabu yake polepole. Kama Abdulswamad aliinunua ala ile, anaishusha upya leo hii na hakupoteza kitu. Kama hakuinunua, hana cha kudai. Kwa njia zote mbili milioni kumi na nane hazipo, na mzee Dadi anakwenda kuzilipa saa kumi. Lakini yule bwana hakuonekana mwongo wa kubuni. Aliililia diski kama mtu aliyepotelewa. Basi ndani yake kulikuwa na kitu kisichoshushwa upya mahali popote.

"Abdulswamad hununua kwako?"

"Zamani hizo. Siku hizi naye ni muuzaji, hukusikia? Ana ala yake mwenyewe mtandaoni." Tomasi akageuza kompyuta. Jina lilikuwa la Kiingereza, picha ilikuwa ya milima ya Uluguru na ukungu wake, na chini yake bei: dola mia mbili na tisini na tisa. Waliokwisha kununua walipita mia nne. "Wivu ninao, sikufichi. Sikia."

Akabonyeza. Ikatoka ngoma, nzito, ya mkono mmoja unaojua unachofanya. Juu yake wanawake wakaitikia, mmoja akacheka, mwingine akakohoa kizee.

"Imerekodiwa uani kwa watu hii," alisema Tomasi. "Unamsikia kuku?"

Editha alimsikia kuku. Alisikia na kitu kingine, na hakukipenda. Yeye ni mzaliwa wa Mahenge, na kule nako wasichana waliwahi kuwekwa ndani wafundwe kwa ngoma. Alimwomba Tomasi amrushie sauti ile kwenye simu.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti visivyolingana. Mwaisha aliletwa, akakaa, akautafuta ukuta wake. Amosi akaegemea mlango. Editha hakuuliza swali. Alitoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza.

Ngoma ilipiga mapigo mawili, pengine matatu. Binti aliruka mzimamzima, kiti kikaanguka, akailalia simu kwa kifua.

"Zima! Zima, mama, nakuomba! Mwanaume yupo hapo!"

"Amosi," Editha alisema, "nenda kanywe chai."

"Nimeshakunywa, af..."

"Kanywe nyingine!"

Mlango ulipofungwa, Mwaisha alikiinua kiti, akakaa. Kisha maneno yakatoka, ya jana na ya leo kwa pamoja. Ngoma ile ni ya mwali. Hupigwa ndani, kwa wanawake, siku msichana anapofundwa, na mwanaume haisikii hata awe shehe. Anayeijua vizuri kule Kinole amebaki mmoja tu, bibi yake.

"Niliogopa akifa ataondoka nayo. Nikamwomba nimrekodi. Alikataa mwaka mzima. Mwisho akakubali, akaniapisha isitoke. Nikabeba maiki za studio, tukarekodi kila pigo, kila wimbo. Sikuwa na pa kuweka, nikaweka kwenye ile diski, kwenye faili langu."

"Na tajiri wako akafungua."

"Nilikuja kuisikia kwenye tangazo la viatu, mama. La huko nje. Viatu! Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikachungulia kompyuta yake, nikakuta anaiuza."

"Mbona hukusema? Tangu jana nakubembeleza kama mgonjwa!"

"Niseme, uandike? Ukiandika Amosi atasoma, mwendesha mashtaka atasoma, hakimu atasema ichezwe tuisikie. Na ukoo utauliza nani alitoa ngoma nje. Watamuuliza bibi." Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Bora nifungwe kwa wizi. Wizi ni jambo la kawaida."

"Diski iko wapi?"

"Chooni. Kwenye shimo, nyuma ya studio."

Editha nusura acheke, na nusura alie. Alikuwa hajapata kuwa na kielelezo cha aina hiyo.

"Mjomba wako anauza shamba la bibi saa kumi," alisema. "Kukulipia."

Hilo Mwaisha hakulijua. Aliinama, akaishika meza kwa mikono miwili, na Editha akaona wazi binti anapima, huku shamba, huku ngoma.

"Liuzwe," alisema hatimaye.

"Liuzwe? Bibi yako alale wapi, juu ya mdalasini wa watu?"

"Liuzwe, mama. Usiicheze kwa wanaume. Nakuomba kwa aliyekuzaa."

Editha alikasirika, akamkasirikia binti, na ukoo wake, na mwenye studio, na kazi yenyewe. Kisha hasira ikamwishia, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuibeba. "Sitaicheza," alisema. "Wala sitaiandika. Lakini na wewe uombe Mungu, maana nakwenda kushindana na mtu nikiwa nimejifunga mkono mmoja."

Saa tisa na nusu Abdulswamad alikuwa ofisini kwa Editha, kavaa shati la kupigiwa pasi. Nje kwenye benchi mzee Dadi alikuwa amekaa na jirani mnunuzi, mwanaume mnene aliyekumbatia mfuko wa rambo kama mtoto mchanga. Editha alimwambia mzee asiweke dole popote mpaka amwite, akafunga mlango.

"Milioni kumi na nane," alianza. "Nimeuliza mjini. Okestra nzima haifiki milioni tatu, na ukiibiwa unashusha upya. Umeshashusha?"

"Hii haimo madukani."

"Kama haimo madukani, bei yake ulisoma wapi?"

Nje jirani mnunuzi alikuwa anakohoa.

"Maana dukani kwako ipo," Editha aliendelea, bila kupandisha sauti. "Dola mia mbili na tisini na tisa. Nimeiona leo, na wakati tunaongea hapa bado inauzika. Sasa kilichoibiwa ni kipi?"

Abdulswamad alishusha pumzi, mabega yakaanguka. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakuwa hata mwongo mzoefu. "Ile iliyoko mtandaoni ni vipande," alisema. "Kuna kampuni ya nje inataka sauti zote, mbichi, nyimbo nzima nzima. Milioni kumi na nane ndiyo waliyonitajia. Zote zilikuwa kwenye diski."

"Kwa hiyo wenye ngoma wauze shamba, wakulipe bei ya ngoma yao."

"Mashine ni zangu! Maiki zangu, umeme wangu, nimesafisha zile sauti miezi mitatu!" Sasa aliongea kwa uchungu wa kweli. "Afande, mimi mjini hapa ni wa kwanza kuacha kraki. Kila kitu nimekinunua, tena bei kamili, maana kadi yangu Novemba huwa haina kitu. Wazungu wanarekodi violini zao wananiuzia, hakuna anayewaita wezi. Nikiuza ngoma mimi ndiyo dhambi?"

Editha alimwangalia. Hoja ilikuwa na miguu, na hilo lilimchosha zaidi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

"Mpiga violini alijua anauzwa," alisema. "Alisaini, akalipwa, akaenda kwake. Wewe ulimlipa nani Kinole?"

"Sikujua ni ya nani. Niliikuta kwenye faili."

"Faili la nani?"

Abdulswamad akanyoosha mikono ya shati lake.

"Basi tuchague," Editha alisema. "Tukienda mahakamani utaeleza thamani, na ukieleza thamani utataja ilikotoka. Mimi nitasimama nikuulize mbele ya watu: bibi kizee uliyemwuza unamjua jina? Umeoa Mluguru wewe, au nimesikia vibaya?"

Abdulswamad akalegeza kola. "Mama mkwe wangu ni wa Mkuyuni."

"Atakuja kusikiliza. Wanawake wa milimani hawakosi kesi kama hiyo."

Kilikuwa kitisho kitupu, na alijua binti angejiua kuliko kuruhusu kifike huko. Lakini mwanaume aliyekuwa mbele yake hakujua. Aliomba karatasi. Aliandika kwamba mali iliyopotea ni diski moja tupu, ya shilingi laki mbili, na kwamba wamepatana. Akatia sahihi.

"Na ile ya mtandaoni," Editha alisema, "unaitoa leo."

"Naitoa. Lakini walioinunua wanayo, afande. Hiyo siwezi kuifuata. Hata wao wakiipoteza wanaishusha tena."

"Najua," alisema Editha. "Ondoka."

Alimwita mzee Dadi, akamweleza kwa maneno machache: kesi imefutwa, deni ni laki mbili, shamba libaki. Mzee aliuliza mara mbili, mara ya tatu akakaa chini sakafuni palepale akafunika uso kwa kofia. Jirani mnunuzi alisonya, akabeba mfuko wake, akatoka bila kuaga.

"Alhamdulillahi. Na hilo dude lilikuwa nini hasa, mama?"

"Mambo ya studio, mzee wangu. Hata mimi sijayaelewa."

Amosi akamleta Mwaisha kaunta na kumrudishia kamba za viatu na simu. Editha alimvuta pembeni, akamnong'oneza yaliyotokea yote. Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hakuna aliyeisikia?"

"Hapa, zaidi ya mapigo yale mawili, hakuna."

"Na walionunua?"

Editha alikuwa amemwambia uongo mzee mmoja, na ule mmoja ulitosha kwa siku. "Zaidi ya mia nne. Hairudi, mwanangu."

Mwaisha alitikisa kichwa polepole. Nyuma yake mzee Dadi alikuwa amesimama, uso wote umefunguka, anacheka na Amosi kuhusu gari la kurudi mlimani.

"Haya, twende, mama yangu!" alimwita mpwa wake. "Bibi yako amepiga simu, kachinja kuku. Tangu jana hajalala, anasema akikuona tu anakushika mkono mpaka asubuhi."

Binti hakugeuka. Alishika ukingo wa kaunta kwa vidole vyote.

"Afande," alisema taratibu, mjomba asisikie, "naomba nilale ndani hata leo tu."